Barabara itangulie nyumba: hotuba kwa wenyeviti wa mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata, wenyeviti na wajumbe wa serikali za mitaa, ndugu wananchi. Nashukuru kwa nafasi hii.

Mmeomba nizungumzie makazi yasiyopangwa. Sitaanzia Tandale wala Manzese, ingawa ndiko mazungumzo haya huanzia kila mara. Nitaanzia Chanika, Zingiziwa, Msongola, Chamazi, Mabwepande, Kisarawe II, na ng'ambo ya mpaka wa mkoa kule Vikindu na Kibaha. Huko ndiko mitaa isiyopitika ya miaka ishirini ijayo inakatwa sasa hivi, shamba kwa shamba, wakati fedha na akili zetu nyingi zimeelekezwa kwenye kurekebisha ile ya zamani.

Ninalotaka kuliweka mbele yenu ni hili. Kupanga mtaa ni kazi ndogo kabla shamba halijakatwa. Miaka mitatu baadaye ni kazi kubwa. Miaka kumi baadaye ni kesi, machozi, na fidia ambayo halmashauri haina. Na siku shamba linapokatwa, ofisa mipango miji hayupo. Aliyepo ni mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu yeye ndiye anayeitwa kushuhudia mauziano na kugonga muhuri. Kwa hiyo leo naongea na mwenye muhuri.

Sensa ya 2002 ilihesabu watu 2,487,288 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2012 ikahesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wapo wanaosoma tarakimu hizo wakasema mji umepunguza mwendo. Sehemu ya jibu iko nje ya mpaka: watu wanafanya kazi Kariakoo na Posta, wanalala Mkuranga na Kibaha, na wanahesabiwa Pwani. Makadirio yanayotumika kwa miaka mingi ni kwamba asilimia 70 hadi 80 ya wakazi wa jiji hili wanaishi kwenye maeneo ambayo hayakupangwa. Walimu wamo, askari wamo, wauguzi wamo, wafanyabiashara wenye maghorofa wamo. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba tunazungumzia maskini peke yao, au wavamizi. Wengi wao walinunua. Wana karatasi, na karatasi hiyo ina muhuri wa mtaa.

Ramani hazikukosekana. Jiji lilipata mpango kabambe mwaka 1949, ukafuata wa 1968, kisha wa 1979, na baada ya ukimya mrefu ukaja wa 2016 hadi 2036. Kilichokosekana ni fedha ya fidia. Halmashauri ilichora viwanja, shule na barabara juu ya mashamba ya watu. Sheria inataka mwenye shamba alipwe kabla hajaondoka. Fedha haikuja. Mwenye shamba akasikia eneo lake litachukuliwa, akaona heri auze vipande haraka apate chochote kuliko kungoja malipo yasiyo na tarehe. Tangazo la mpango likaharakisha kile ambacho mpango ulitaka kukizuia. Hili limetokea mara nyingi mno, na bado linatokea.

Njia nyingine zilijaribiwa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lilibomoa nyumba za udongo Magomeni na Ilala na kujenga mpya mahali pake. Gharama ilikuwa kubwa, na idadi ya nyumba mjini haikuongezeka sana, maana kila nyumba mpya ilimeza moja ya zamani. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ikabadili mwelekeo: ikapima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kupeleka maji, halafu ikamwachia mwananchi ajenge mwenyewe kwa uwezo wake. Wakati huohuo Manzese ikaboreshwa palepale ilipokuwa, bila kuvunjwa yote.

Nawaomba mwende Sinza mkaiangalie kwa jicho hilo. Viwanja vyake vingi ni vidogo, vinakaribia mita za mraba 300 tu. Nyumba za mwanzo zilikuwa za kawaida kabisa. Lakini barabara zilichorwa kwanza, na zimekaa pale miaka hamsini. Nyumba zimevunjwa na kujengwa upya, ghorofa zimesimama, maduka na hoteli zimekuja, mabomba yamebadilishwa, na kila mara gari lilipita. Kisha nendeni mitaa ya ndani ya Manzese, jirani kabisa, ambako nyumba zilitangulia. Hela za watu wa pande zote mbili hazikutofautiana sana walipoanza. Kilichotofautiana ni nani alitangulia kufika, nyumba au barabara.

Sasa tuangalie shamba linavyogeuka kuwa mtaa. Mzee ana eka tatu za minazi na mihogo. Ada inadaiwa, au kuna mgonjwa, au mirathi imegawanywa kwa watoto saba. Dalali analeta mteja. Kipande cha kwanza hukatwa kando ya njia ya gari, kwa sababu ndiko bei ilipo. Cha pili na cha tatu hivyohivyo. Kufika cha sita, upande wote unaopakana na njia umekwisha kuuzwa, na shamba lililobaki nyuma limefungiwa. Hapo ndipo mzee anapomwambia mnunuzi wa saba apite katikati ya kiwanja cha pili na cha tatu. Wenye viwanja hivyo wanakubali, kwa kuwa hawajajenga bado. Upana hautajwi. Mnunuzi wa saba anapitisha lori la tofali bila shida. Mwaka unaofuata mwenye kiwanja cha tatu anajenga uzio na kusogea nusu mita. Wa pili naye anachimba karo la choo nje ya ukuta, akiamini kuwa pale ni kwake, na kwa kweli ni kwake, maana hakuna mahali palipoandikwa vinginevyo. Ile njia inabaki mita moja na robo, na nyuma yake wanaishi watu mia mbili.

Ukichukua mkataba wa mauziano wa kawaida utaona tatizo lilipo. Umeandikwa kwa mkono, mashahidi wanne, picha mbili za paspoti, muhuri. Mipaka inasomeka hivi: kaskazini kinapakana na jirani fulani, mashariki na jirani fulani, magharibi na muuzaji, kusini na njia. Ukubwa: hatua ishirini kwa ishirini. Hatua ya mtu mrefu ni kama sentimita 90, na ya mtu mfupi ni kama sentimita 70. Kwa mrefu, kiwanja hicho kina mita za mraba 324. Kwa mfupi kina 196. Huo ni mzozo uliokwisha kuandikwa na kugongwa muhuri kabla tofali la kwanza halijafika. Na njia ya kusini haina upana, haina mwanzo, haina mwisho, haina mwenyewe.

Wauzaji wengi huniuliza: mimi nitoe ardhi yangu iwe barabara, nitafaidika nini? Swali ni la haki, na jibu lake ni hesabu. Eka moja, zile hatua zetu 70 kwa 70, ni takriban mita za mraba 4,047. Chukua majirani wenye jumla ya eka kumi zilizoshikana: mita za mraba 40,470. Wakikata viwanja vya 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400, bila kuacha barabara hata moja, wanapata viwanja 101. Sasa wafanye hivi: watoe robo ya ardhi yote kwa barabara na maeneo ya umma, na kiwanja kiwe 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300. Gawanya ile robo tatu iliyobaki kwa 300. Unapata 101.

Kwa mchoro halisi vitapungua vichache kwa sababu ya pembe na mteremko, tuseme vibaki 95. Lakini vyote 95 vina barabara mbele. Katika ule mkato wa kwanza, vyenye njia ya uhakika ni vile vya ukingoni tu, na vya ndani huuzwa kwa bei ya kutupa. Kila dalali aliyemo humu anajua tofauti ya bei kati ya kiwanja ambacho gari linafika mlangoni na kile cha kuvuka uani kwa mtu.

Na robo hiyo inatosha vipi? Eka kumi ni kama mraba wa mita 200 kila upande. Pitisha barabara moja ya mita 10 katikati: mita za mraba 2,000. Ikate kwa barabara nne za mita 6, kila moja urefu wa mita 200: mita za mraba 4,800. Kati ya barabara na barabara panakaa mistari miwili ya viwanja iliyopeana mgongo, mita 20 na 20. Jumla ya barabara zote ni 6,800, haifiki asilimia 17. Ndani ya ile robo inabaki kama mita za mraba 3,300 za kisima, zahanati ndogo, uwanja wa watoto, au kituo cha kukusanyia taka. Hatuzungumzii anasa. Mita 6 ni magari mawili kupishana kwa taabu na mtaro mwembamba pembeni.

Msipunguze hizo 6. Wananchi watawaomba iwe 4, na siku hiyo 4 zitaonekana nyingi kwa sababu pande zote mbili ni mihogo. Baraza za nyumba, ngazi, matangi ya maji na nguzo za umeme zitachukua mita moja kila upande, sheria itake isitake. Ukianza na 6 utabaki na 4, na gari la zimamoto litapita. Ukianza na 4 utabaki na 2, na hapo hata jeneza hubebwa kwa kupinda kona.

Nikae kidogo kwenye choo, kwa maana ndipo kukosekana kwa njia kunapoua watu.

Sehemu kubwa ya jiji hili haina bomba la majitaka. Tunatumia mashimo na makaro. Shimo linajaa. Gari la kunyonya lina upana wa kama mita mbili na nusu, na mpira wake una kikomo: kadiri unavyounganisha vipande zaidi, na kadiri shimo lilivyo chini kuliko gari, ndivyo nguvu ya kunyonya inavyokufa. Pia uchafu wa shimo la zamani ni mzito, una mchanga, vitambaa na plastiki, unaziba. Kwa hiyo nyumba iliyo mbali na barabara, hata kama mwenyewe ana hela, haipati huduma. Anawaita vyura, wale vijana wanaoshuka shimoni usiku kwa ndoo na koleo, bila glavu zinazofaa, wakihamishia uchafu kwenye shimo jingine walilochimba hapohapo uani. Ni kazi ya hatari kubwa, na wanaoifanya wanastahili heshima na vifaa kuliko wanavyopata.

Wengine hungoja mvua. Mnalijua hili, tunaliita kutapisha. Kwenye ukuta wa shimo, upande unaotazama mtaro, panatobolewa tundu na kuzibwa kwa tambara na udongo. Mvua kubwa ikianza, tambara linavutwa. Uchafu unaingia mtaroni pamoja na maji ya mvua. Sasa, katika mtaro huohuo imelala mipira ya maji ya nyumba kumi na tano, kwa sababu hakuna ukanda wa kupitishia bomba, kila mtu amevuta mpira wake kwa njia anayoijua. Mipira ina nyufa na viungo vilivyofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Maji yakiwa yanatoka kwa nguvu, nyufa hizo zinavuja kwenda nje. Maji yakikatika, bomba linabaki na utupu, na kile kilichoko nje kinavutwa ndani. Yakirudi asubuhi, mama anakinga ndoo ya kwanza. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukasambaa mikoani ulitukumbusha bei ya jambo hili.

Kuna tiba za mahali palipokwisha kubanana, na zimefanyika hapa. Pampu ya mkono aina ya Gulper hutoa uchafu bila mtu kushuka shimoni, na madumu yakabebwa kwa guta hadi kituo cha kusafishia. Vingunguti yamelazwa mabomba membamba ya majitaka, yasiyo na kina kirefu, yanayopita nyuma na kando ya nyumba kwa makubaliano ya majirani. Ni kazi nzuri. Lakini hata guta linahitaji mita moja na nusu, na hata bomba jembamba linahitaji majirani wote wakubali. Mmoja akikataa, mstari mzima umekwama.

Umeme nao hufuata njia. Nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka nguzo ya TANESCO huunganishwa bila nguzo nyingine. Ikizidi hapo inahitaji nguzo moja, kisha mbili, na nguzo inahitaji mahali pa kusimama. Pasipo na ukanda, waya unapita juu ya mabati ya watu wanne. Moto ukishika, na mara nyingi hushika kwenye vyumba vya kupanga ambako saketi moja inabeba jiko, pasi na friji za wapangaji sita, gari la zimamoto linasimama barabara kubwa na watu wanabeba ndoo.

Sasa urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha maeneo yaliyokwisha kujengwa bila mpango. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaruhusu, na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaipa halmashauri mamlaka ya kupanga. Hatua zake mnazifahamu: mkutano wa mtaa, kamati ya urasimishaji, utambuzi wa kila kipande na mwenyewe, mchoro wa mipango miji, uidhinishaji wake, upimaji na uwekaji wa mawe ya mipaka, uidhinishaji wa ramani ya upimaji, kisha umilikishaji. Nataka kusema mahali inapovunjikia.

Inavunjikia kwanza kwenye michango. Wizara iliwahi kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja. Tuseme mtaa una viwanja 1,200: hiyo ni milioni 180 kama wote watalipa. Wakilipa asilimia 40, ni milioni 72. Kampuni ya upimaji inafanya kazi ya milioni 72, yaani utambuzi na mchoro, inasimama kabla ya mawe. Waliolipa wanahisi wameibiwa, wasiolipa wanajipongeza, na kampuni nyingine zimechukua hela zikapotea kabisa. Jambo linalosaidia ni kugawa mtaa katika vitongoji vya viwanja 150 hadi 200, kila kimoja na akaunti na orodha yake iliyobandikwa ukutani, na kulipa kampuni kwa hatua iliyokamilika na kuidhinishwa, si kwa hatua iliyoanzwa. Kitongoji kilichochanga kinamaliza na kupata namba za viwanja vyake. Cha jirani kikiona mawe yanawekwa, kinachanga.

Inavunjikia pili kwenye barabara. Mchoro unaonyesha njia ya mita 4 mahali ambapo leo pana mita 2. Nani asogee? Kamati dhaifu humsogeza mjane na kumwacha mwenye ghorofa. Kanuni inayokubalika na wengi ni kuchukua sawasawa pande zote mbili, ukuta wa uzio uondoke kwanza kabla ya ukuta wa nyumba, na kila anayetoa asaini palepale kwenye mchoro, mke na mume wote wawili, mbele ya majirani. Saini ya mume peke yake imeangusha michoro mingi, kwa sababu mke ana haki kwenye nyumba ya familia na anaweza kuisimamisha kazi nzima.

Tatu, mawe. Jiwe likishawekwa, mpimaji huondoka. Miezi sita baadaye limezikwa na kifusi au limeng'olewa. Kila mwenye kiwanja apige picha ya kila jiwe lake likiwa pamoja na kitu kisichohama, kona ya nyumba au mti mkubwa, na aandike umbali kwa tepu. Ni dakika kumi, na mpimaji atakayefuata atafukua mahali sahihi.

Na mwisho kabisa, hati zenyewe. Watu wengi hufika hadi kwenye upimaji wakaacha hapo, kwa sababu kuchukua hati kuna tozo zake na kunamwingiza mtu kwenye kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Simlaumu asiyechukua. Nasema tu kwamba kwa maoni yangu faida kubwa ya urasimishaji ni barabara na mtaro, vitu ambavyo mtaa mzima unapata hata kama nusu yao hawana hati. Tukiupima urasimishaji kwa idadi ya hati peke yake tutaendelea kupeleka hela mahali pasipo na njia na kusema tumefaulu.

Narudi kwenu wenyeviti. Mamlaka ya kugawa ardhi hamna, na hamtakiwi kujipa. Ile asilimia 10 ya mauziano iliyozoeleka haimo katika sheria, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inamfanya mwenyekiti afaidike kadiri vipande vinavyozidi kuwa vingi na vidogo. Lakini ushahidi wenu mnaweza kuuwekea masharti, na mkiyaweka yanashika.

Mnunuzi na muuzaji wakija, msikae ofisini. Nendeni shambani na tepu ya mita 50, si hatua. Swali la kwanza liwe: sehemu iliyobaki nyuma itapitikaje? Muuzaji aonyeshe mlango wa shamba lake, mita 6 kwa kiwango cha chini, kabla hajauza hata kipande kimoja cha mbele. Pale kwenye kona mbili za mlango huo zisimame nguzo za zege zilizozikwa angalau nusu mita. Mti haufai, unachomwa mkaa. Kisha njia hiyo ipimwe hadi mwisho wa shamba, ikiwezekana ikutane na njia ya shamba la jirani. Hapa wenyeviti wawili wa mitaa inayopakana lazima waongee. Njia nyingi zetu hufia ukutani kwa sababu mpaka wa mtaa ulipita katikati ya mashamba mawili na kila mmoja alipanga upande wake.

Katika mkataba iandikwe: kusini kinapakana na barabara ya upana wa mita 6, kipimo kikianzia nguzo fulani, mnunuzi hatajenga uzio, karo, baraza wala ngazi ndani ya upana huo. Chorweni mchoro hata kwa kalamu, urefu wa kila upande uandikwe juu ya mstari wake. Simu nyingi sasa zinatoa majiranukta, yaani zile tarakimu za GPS zinazoonyesha mahali ulipo. Andikeni ya kila kona. Simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo haitoi mpaka, mpaka utatoka kwenye tepu na nguzo. Kazi ya simu ni kuwezesha ofisi ya ardhi kujua shamba lenyewe liko wapi kwenye picha ya anga. Nakala tatu: muuzaji, mnunuzi, daftari la mtaa. Daftari libaki ofisini mwenyekiti anapobadilika. Katika mitaa mingi uchaguzi ukipita, daftari linahama na aliyeshindwa, na kumbukumbu zote zinaanza upya.

Halmashauri nayo ina deni lake. Haiwezi kumwambia mwenyekiti alinde ukanda wa barabara halafu ikae miaka minne bila kuleta mchoro. Eneo ambalo wenye mashamba wamekubaliana wenyewe na kuacha mita 6 na 10 lipewe nafasi ya kwanza katika uidhinishaji, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ipitishe greda hata mara moja. Barabara iliyopitishwa greda haivamiwi kama ile iliyo kwenye karatasi. Wanafunzi wa vyuo vikuu wamekwisha kuchora mitaa mingi ya jiji hili kupitia kazi ya Ramani Huria iliyoanza 2015, mitaro, njia na nyumba. Ramani hizo zitumike mahali palipojengwa tayari, badala ya kulipia utambuzi upya.

Kuhusu mabonde nitasema kwa ufupi, maana sheria iko wazi: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mafuriko ya Desemba 2011 kwenye bonde la Msimbazi yaliua watu, na bomoabomoa iliyofuata miaka michache baadaye iliwaacha wengine bila pa kwenda, wakarudi. Wanarudi kwa sababu bondeni ni karibu na kazi na kodi ni ndogo. Kule pembezoni mna vijito ambavyo leo ni majani tu. Viwekeeni nguzo za mita 60 sasa, na msishuhudie mauziano ndani yake, hata muuzaji akiwa ndugu yenu. Ardhi hiyo anaweza kuendelea kulima mchicha.

Kuna watu ambao mikutano yetu haiwahesabu: wapangaji. Katika mitaa yetu mingi wao ni wengi kuliko wenye nyumba. Barabara ikija, kodi inapanda, na anayedaiwa miezi sita kwa mkupuo anahamia mbali zaidi, kwenye shamba jingine linalokatwa bila njia. Kamati ya urasimishaji isiyo na mpangaji hata mmoja haitaliona hilo. Muwape viti, na mtaa ukitengenezewa barabara kwa hela ya umma, mkubaliane na wenye nyumba hadharani juu ya kodi kwa walau miaka miwili. Haitafuatwa na wote. Itafuatwa na wengi wanaojua wamesikika wakikubali.

Kazi ya nguzo ifanyike kabla ya masika, ardhi ikiwa kavu na alama za maji ya mwaka jana bado zinaonekana, ili mitaro ichorwe mahali maji yanapopita kweli. Anzeni na mashamba ambayo hayajauza kipande cha mbele. Orodha yake kila mtendaji wa kata anaweza kuipata kwa siku moja ya kuzunguka na madalali. Nipo kwa maswali, na nimekuja na tepu kwa wanaotaka twende shambani baada ya hapa.